Kutunza insulini nyumbani Lubumbashi, umeme ukikatika

Kisukari kina aina zaidi ya moja. Mwenye aina ya kwanza, mara nyingi mtoto au kijana, kongosho lake halitengenezi tena insulini, kitu kinachoshusha sukari katika damu. Akikosa sindano, hatari huja ndani ya siku chache, pengine saa chache. Mwenye aina ya pili insulini yake bado ipo, ila mwili hauitikii vizuri: wengi huanza na vidonge, wengine hufikia sindano. Mama mjamzito naye anaweza kuandikiwa sindano hizo. Yeyote anayerudi nyumbani na kichupa cha insulini, adui wake ni joto.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kikishafunguliwa, insulini nyingi huvumilia wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30; soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa siku hiyohiyo.

Kama frigo ipo, weka kichupa katikati, mbali na sehemu ya barafu. Umeme ukirudi, sehemu hiyo hugandisha haraka, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri.

Bila frigo, tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine kikiacha nafasi ya vidole viwili pande zote. Cha nje kisiwe kimepakwa rangi, maana lazima kitoe jasho: maji yakipenya na kukauka, huondoka na joto. Jaza mchanga uliooshwa katika nafasi hiyo, umwagie maji hadi ulowe, asubuhi na jioni. Funga kichupa ndani ya mfuko wa plastiki, kiweke chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Kiti chake ni kivulini penye upepo, juu ya matofali, mbali na mbabula, yaani jiko la makaa. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali na hewa kavu, chungu hufanya kazi vizuri. Mvua zikianza hewa hujaa unyevu na chungu hupoa kidogo tu; nunua kipimajoto kidogo ukiweke ndani, usikisie kwa mkono.

Kabla ya kuchoma sindano, tazama kichupa kwenye mwanga. Insulini ya haraka iwe angavu kama maji. Ikiwa na ukungu, usiitumie. Insulini ambayo kwa kawaida ni nyeupe, iviringishe polepole kati ya viganja mara kumi, bila kutikisa: inapaswa kufanana na maziwa. Vipande vinavyoelea, au chembe zilizoganda ukutani mwa kichupa, maana yake imeharibika.

Lakini insulini inaweza kupoteza nguvu bila alama yoyote. Sukari ikipanda siku mbili mfululizo kwa chakula kilekile na kipimo kilekile, usijiongezee dozi. Fungua kichupa kipya na umwone daktari wako. Mwenye aina ya kwanza akianza kutapika, kupumua kwa haraka na kutoa harufu kama ya matunda mdomoni, usingoje siku mbili wala kupambazuke: mpeleke hospitali usiku huohuo, na ubebe kichupa anachotumia.