Andaa Simu Yako Kabla Mtandao Haujafungwa

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurejea tarehe 18. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikuwa imekwisha kuonja hali hiyo kwa takriban wiki tatu kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, na Watanzania waliipata siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba 2025. Mtu anayesubiri siku ya tukio ndipo apakue programu za kujikinga huwa amechelewa, kwa sababu mahali pa kuzipakulia huwa napo pamefungwa. Kwa hiyo yote ninayoeleza hapa yafanywe leo, wakati bando linafanya kazi na akili imetulia.

Anza na laini. Imesajiliwa kwa jina lako, na Tanzania kwa alama za vidole vyako pia, na kampuni ya simu inajua umempigia nani, saa ngapi, na ukiwa karibu na mnara upi. SMS ya kawaida haifichwi kwa kampuni ya simu: anayeendesha mtandao anaweza kuisoma, kwa hiyo jina la mtu aliyekuamini akakupa habari nyeti lisipite humo kamwe. Weka PIN ya laini, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudaiwa namba ya pili kabla ya kuingia, kwenye WhatsApp na barua pepe. Panapowezekana, namba za uthibitisho zitoke kwenye programu maalumu badala ya kuja kwa SMS, maana anayefanikiwa kurudisha laini yako kwenye kadi nyingine huzipokea yeye.

Kisha kioo. Niliwahi kuona simu ya mwenzangu ikichukuliwa mkononi mwake, ikawekwa mezani ikiwa imefungwa, na kabla ya yeyote kuigusa ujumbe ukaingia: jina la aliyemtumia na mstari wa kwanza vikasomeka na wote waliokuwa chumbani. Nywila yake ilikuwa nzuri, lakini haikumsaidia kitu. Ingia kwenye mipangilio ya arifa uzuie maandishi yasionekane simu ikiwa imefungwa. Ondoa pia ufunguaji wa kidole na uso unapokwenda mahali pa hatari, kwani kidole hushikwa kikabandikwa kwa nguvu, ilhali nywila ndefu iko kichwani mwako.

Kwa mazungumzo, ninapendekeza Signal, programu ya ujumbe inayosimba kila kitu, yaani hukigeuza kuwa msimbo ambao ni mpokeaji tu anayeweza kuusoma. WhatsApp nayo husimba ujumbe, lakini nakala rudufu iliyoko kwenye hifadhi ya mtandaoni haisimbwi kikamilifu mpaka uwashe ulinzi huo mwenyewe, na wengi hawajauwasha. Ndani ya Signal weka muda wa ujumbe kujifuta, na tumia jina la mtumiaji ili usilazimike kumpa mtu namba yako. Halafu fanyeni jambo ambalo wengi hulipuuza: kaeni pamoja wewe na mwenzako, fungueni namba ya usalama ya mazungumzo yenu, yenye tarakimu 60, mmoja asome na mwingine afuatilie kwenye simu yake. Zikilingana, hakuna mtu aliyejipenyeza katikati. Kazi hiyo ni ya dakika moja tu, nami siifanyi kwa simu na watu ninaowalinda, nasafiri kuwaona.

Tovuti au mtandao wa kijamii ukizuiwa ilhali intaneti yenyewe ipo, Kivinjari cha Tor, kinachopitisha mawasiliano yako kwa njia za kuzunguka ili kuficha unakokwenda, husaidia. Kikishindwa kuunganisha, fungua mipangilio yake uchague daraja, yaani njia ya kuingilia isiyotambulika kirahisi, kwa mfano Snowflake, ambalo hufanya mawasiliano yako yafanane na simu ya video. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwanza, hufungua njia pia, ila mwenye VPN hiyo ndiye sasa anayeona unakokwenda, kwa hiyo zile za bure zisizojulikana mwenyewe ziepuke kabisa. Fahamu na sheria ya mahali ulipo: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN nchini Tanzania kutoa taarifa zao kwake. Naiona amri hiyo kuwa kosa, kwani kujilinda faragha si uhalifu, lakini kila mtu aamue akiwa anaijua.

Intaneti ikikatwa kabisa, Tor na VPN havina kazi. Hapo hubaki programu kama Briar, inayotumika kwenye simu za Android na kupitisha ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi kati ya simu zilizo karibu, bila mnara wala kampuni. Njia rahisi ya kuongezana ni kukutana na kila mmoja kuchanganua msimbo kwenye simu ya mwenzake. Mkishaongezana, wekeni simu zote mbili katika hali ya ndege, washeni Bluetooth peke yake, kisha mtumiane ujumbe mmoja. Usipofika, tafuteni sababu siku hiyohiyo.