Timu yako imekosa ubingwa kidogo tu? Tafuta pointi zilikopotelea

Kwanza hasira zipoe, siku mbili tatu usiguse kabisa msimamo wa ligi, maana ukianza kuchambua usiku uleule utaishia kumtukana refa na yule aliyekosa penalti basi. Dortmund ya Ujerumani 2023 watu wanakumbuka siku ya mwisho tu, sare ya 2-2 nyumbani na Mainz, straika wao Haller kakosa penalti, huku Musiala anawafungia Bayern dakika ya 89. Wote pointi 71, ila Bayern wana tofauti ya mabao +54 na Dortmund +39, sasa pengo la mabao 15 utamdai Haller peke yake kweli?

Ukishatulia chukua ratiba nzima toka mechi ya kwanza uandike kila mechi ambayo hamkushinda, na sare uziandike juu kabisa. Hapa ndo wengi wanateleza, wanahesabu mechi walizofungwa tu. Cheki Liverpool 2018/19, wamefungwa mechi MOJA ligi nzima, pointi 97, na kombe wakabeba Manchester City waliofungwa mara nne! City walikuwa na pointi 98. Liverpool walitoka sare 7, City 2, basi. Sare haiumi siku ile, unarudi nyumbani unasema afadhali tumepata moja, kumbe mbili zimeshaliwa.

Pembeni ya kila mechi andika mlikuwa mnaongoza au la, na nani hakuwepo uwanjani. Arsenal 2023 wakisimulia wanaanza na zile 4-1 za City, sawa ziliuma, lakini kabla ya hapo walitoka sare tatu mfululizo: Liverpool na West Ham wakiwa wameshaongoza 2-0, halafu 3-3 nyumbani na Southampton waliokuwa wanaburuza mkia. Beki wao Saliba alikuwa majeruhi. Hizo ni pointi 6, na mwisho City waliwazidi 5, piga hesabu mwenyewe.

Mechi mlizokutana na bingwa zihesabu mara mbili, maana mnachokosa nyie anakichukua yeye. Ile Januari 2019 City waliwafunga Liverpool 2-1 na beki wa City, Stones, aliutoa mpira umebakiza milimita 11.7 uvuke mstari. Ingeisha sare, Liverpool wanamaliza 98 City 96. Hiyo iandike bahati mbaya, kocha utamwambia nini hapo.

Na ujue ligi yenu mkilingana pointi inaangalia nini, Hispania ni matokeo ya wao kwa wao, Uingereza tofauti ya mabao. Man United 2012 walilingana na City pointi 89, wakazidiwa mabao 8. Kila mtu anamtaja Agüero aliyewafungia City bao la ubingwa dakika za mwisho, ila zile 6-1 walizopigwa Old Trafford peke yake zilihamisha mabao 10.

Ukimaliza soma orodha yako, nyingi zikiwa za kuongoza halafu mkarudishiwa basi acha kudai straika mpya dirishani, dai beki na benchi zito. Zikiwa 0-0 na timu za mkiani hapo ndo uulizie mfungaji. Na ukikuta orodha ni fupi sana, kama ya Liverpool hao, kubali tu mlikutana na watu wasiokosea, City walishinda mechi 14 za mwisho zote.