Kuunganisha kompyuta za nyumbani kwa waya, hata bila bando

Jirani akiniuliza habari za mtandao wa nyumbani, naanzia hapa: kompyuta zako zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe bila intaneti. Bando likiisha, picha za harusi zilizo kwenye mashine ya sebuleni bado utazifungua ukiwa chumbani, na mtoto atachapa kazi ya shule kwenye printa moja ya nyumba nzima.

Hapa kwetu Morogoro nimeunganisha tatu: ya mezani sebuleni, yenye printa na diski kubwa, kompyuta mpakato ya mke wangu, na ya zamani ya watoto chumba cha nyuma. Kuta za matofali ya saruji hudhoofisha sana Wi-Fi, kwa hiyo nashauri waya popote panapowezekana. Wi-Fi waachie wenye simu.

Kama rauta yako, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, ina matundu ya LAN (ya kuchomeka waya wa mtandao) ya kutosha, swichi, yaani kisanduku cha kuunganisha waya hizo, huihitaji. La sivyo, nunua swichi ya matundu matano yenye kasi ya gigabiti. Kwenye waya usiharakishwe na muuzaji. Taka Cat5e au Cat6 (ni madaraja ya waya wa mtandao) ya shaba tupu, maana madukani upo pia wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, urudishe. Urefu wa mwisho wa waya mmoja ni mita 100, urefu ambao nyumba zetu hazifiki. Usiulaze sambamba na waya wa umeme. Ikibidi zikutane, zipishane kama msalaba.

Kazi yenyewe iko kwenye kufunga vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye tundu. Chuna ganda la nje kama sentimita 3, utakuta nyuzi nane zimesokotwa mbili mbili. Zifumue, zinyooshe kwa vidole mpaka zilale bapa, uzipange kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia vizuri pale bluu zinapoingia katikati ya kijani, ndipo wengi wanapochanganya. Kata ncha ziwe sawa, zibaki kama sentimita 1.3, kisha zisukume ndani ya kichwa, ulimi wake wa plastiki ukiwa chini, mpaka uone shaba zote nane zimegusa mbele. Ganda la nje nalo lazima liingie, kwa sababu ndilo linalobanwa. Likibaki nje, mtoto akiuvuta waya mara moja tu unachomoka. Bana kwa koleo lake, na upande wa pili panga vile vile.

Chomeka, subiri taa ziwake. Rauta yenyewe itagawa anwani, yaani namba ya kila mashine kwenye mtandao. Ukiwa na swichi peke yake, ziandike kwa mkono: 192.168.10.1 kwa mashine ya kwanza, ile yenye faili, inayofuata iishie na 2, kisha 3, zote na mask (namba inayoonyesha kuwa ziko mtandao mmoja) ya 255.255.255.0. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue mashine hiyo haijagawiwa kitu.

Kwenye Windows, weka mtandao uwe Private na uwashe kushirikiana faili na printa. Fanya hivyo kabla ya kujaribu ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu, kwani ulinzi wa Windows unaweza kuizuia ukadhani waya ni mbovu. Kwenye mashine yenye faili, tengeneza akaunti yenye neno la siri, kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Sharing. Watoto wape ruhusa ya kusoma tu. Kwenye mashine nyingine andika \\192.168.10.1 juu ya dirisha la mafaili, au anwani iliyotolewa na rauta, na folda itatokea.

Mwisho, zima usingizi kwenye ile mashine yenye printa: ingia mipangilio ya umeme, Sleep iwe Never. Ikilala, wenzake hawaioni.