Nguzo ya umeme shambani: usibanie shimo

Ukisimamisha nguzo ya umeme shambani, usibanie shimo. Kipimo cha mafundi ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 9 inaingia mita 1.5. Wengi hukosea kwenye kufukia: wanamwaga udongo wote kwa mkupuo, wanakanyaga juu juu, mvua ikinyesha nguzo inainama. Rudisha kidogo kidogo, sentimita 15 hivi, shindilia pande zote mpaka mtaimbo udunde, ndipo uongeze. Juu acha kichuguu, maji yasituame. Waya wa stei, yaani ule unaoishikilia nguzo isiinamie laini, uvute upande ulio kinyume na laini inakovutia. Na tafadhali, kabla hujachimba, waite watu wa umeme wakuonyeshe mahali. Wao ndio wanaojua laini itapita wapi.