Jinsi ya Kueleza Spishi Mpya ya Mwanzi

Ukikuta kwenye makorongo ya vilima vya Mpwapwa mwanzi usioufahamu, usikimbilie kuupa jina. Kwanza uulinganishe na Oxytenanthera abyssinica, ule ambao wenzetu wa Iringa hugema ulanzi (pombe ya mwanzi), kwa kuwa mwanzi mmoja hubadilika sura kulingana na udongo na mvua.

Kata shina lililokomaa, pima urefu na kipenyo cha pingili, kisha ulipasue uone kama lina uwazi ndani au limejaa. Sehemu yenye siri nyingi ni gubi linalofunika chipukizi: liondoe lingali bichi, uandike rangi ya vinyweleo vyake (vinawasha, vaa glavu), umbo la masikio (vijipande vinavyochomoza) yaliyo mabegani mwake na urefu wa ulimi wa ndani (kijiutando kilicho juu ya gubi). Maua huweza kukawia miaka mingi, hivyo yakipatikana yakusanye papo hapo.

Andika namba ileile kwenye kila kipande, ukaushe sampuli, kisha uteue moja iwe kielelezo cha jina (sampuli ambayo jina jipya litafungwa nayo) na uihifadhi katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tangu Januari 2012 maelezo rasmi huandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili, kwa masikitiko yangu, bado hakimo.