Kukopi video na picha za harusi: TeraCopy, FastCopy au Robocopy?

Msimu wa harusi hapa Mombasa, kadi za kamera hujaa kwa usiku mmoja: video ndefu za nikahi na kupamba, na picha kwa maelfu. Kuburuta folda kwa mausi kunatosha kwa vitu vidogo. Kwa mzigo kama huu, jaribu programu hizi kwenye Windows.

Hatua ya 1: Anza na waya. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, na kwa kawaida hupati zaidi ya 30 hadi 40. Kadi ya GB 64 hapo ni kama nusu saa, utumie programu utakayo. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi la buluu. Flashi ikiwa ni FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili), faili ya kuanzia GB 4 haiingii hata kama nafasi ipo; iformati iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ukijua kuformati kunafuta vyote.

Hatua ya 2: Tayarisha folda mbili za kupimia. Moja ya video chache kubwa, nyingine ya picha nyingi ndogo. Usizichanganye, kwa sababu mshindi wa moja huweza kushindwa kwa nyingine.

Hatua ya 3: Pima kwa haki. Windows hubakisha kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) faili ilizosoma karibuni, kwa hivyo jaribio la pili huonekana la kasi kuliko lilivyo. Futa nakala ya kwanza, zima kompyuta uiwashe, ndipo ujaribu programu nyingine.

Hatua ya 4: Jaribu Robocopy. Huhitaji kuipakua, imo ndani ya Windows tangu Vista. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike, ukitaja kwanza folda ya asili, kisha ya nakala:

`robocopy D:\Harusi E:\Harusi /E /MT:16 /R:2 /W:5`

/E huchukua folda zote za ndani. /MT:16 hukopi faili 16 kwa pamoja, na kwenye picha utaona tofauti. Kwa video kwenye diski ya kuzunguka, ondoa /MT:16, maana kichwa cha diski kitakimbia huku na huku. Weka /J badala yake, inayokopi faili kubwa bila kupitia akiba ya RAM. /R (mara za kujaribu tena) na /W (sekunde za kusubiri) usizisahau: bila hizo, faili mbovu hujaribiwa mara milioni 1 kwa kusubiri sekunde 30 kila mara. Hapo utazeeka! Stima ikipotea katikati, rudia amri ileile, nayo itaruka zilizokwisha kufika. Jihadhari na /MIR, hufuta upande wa pili kila kisichopo upande wa kwanza.

Hatua ya 5: Jaribu TeraCopy na FastCopy, ukiwasha uhakiki (verify), yaani kukagua kama nakala ni sawa na asili. Robocopy haisomi tena nakala kuilinganisha na asili. Hizi mbili zinaweza, ingawa muda huongezeka. FastCopy ina sura ya kizamani lakini ina mbio. TeraCopy hukuonyesha faili zilizokataa, ukazirudia hizo tu.

Mimi kadi ya kamera huikopi kwa TeraCopy na uhakiki, hata nikiwa na haraka, kwani bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili. Robocopy naiachia hifadhi ya studio kila jioni. Flashi ya mteja itoe kwa njia salama kabla ya kuichomoa; mstari ukifika asilimia 100, huenda data nyingine bado iko kwenye RAM.