Jinsi ya kujua kama kweli unaijua hatari ya sukari yako

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya sukari tangu saa moja asubuhi, mpaka ufikiwe utakuwa umesikia kila aina ya sukari. "Yangu ya kushuka, haina neno." "Yangu ndogo tu, ya vidonge." "Yangu ya mawazo, nikitulia nayo inatulia." Mimi ya kwangu nilikuwa naiita ya kushuka. Niliiita hivyo kwa miaka mitatu, kuanzia 2014 nilipopimwa asubuhi kabla ya kula nikakutwa na sukari ya 17.3 mmol/L, hadi siku nilipomsindikiza kaka yangu kwenda kukatwa mguu.

Nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Si nesi wala daktari, na dawa zako usizibadilishe kwa kunisoma mimi. Ninachoweza kukuonyesha ni zoezi ambalo nimelifanya na watu wengi wa sokoni na wa ukoo wetu, la kupima kitu ambacho mashine ya sukari haikipimi: kama unajua ni nini hasa kinakutishia na kinaingilia wapi. Utahitaji daftari, kalamu, jioni moja isiyo na haraka na mtu wa nyumbani unayemwamini.

Andika kwanza unachokiogopa

Fungua ukurasa mpya, chora mstari katikati kutoka juu hadi chini. Kushoto andika mambo unayoyaogopa kwenye ugonjwa huu, linalokutisha zaidi likae juu. Usimuulize mtu, usitafute kwenye simu. Ukimaliza, hamia kulia, na kwa kila jambo jibu swali hili: likianza, nitalijuaje?

Mimi niliandika matatu: sindano, kukatwa mguu, kuanguka sokoni mbele ya watu. Moyo haukuwemo. Figo hazikuwemo, macho hayakuwemo. Presha nilikuwa nayo, ila nilidhani ni mgeni mwingine aliyekuja kwa njia yake. Kumbe kinachowaua wenye kisukari wengi kuliko kitu kingine ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwemo, na presha ikikutana na sukari zinasaidiana kuibomoa mishipa ileile. Angalia orodha yako. Kama moyo haupo, uongeze sasa hivi, uuweke juu.

Kulia nako nilijibu jambo moja mara tatu: nitasikia maumivu. Karibu kila niliyefanya naye zoezi hili ameandika hivyo, au "nitajisikia vibaya". Tafadhali kaa hapa kidogo. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa midogo ya damu pamoja na mishipa ya fahamu. Hiyo ya fahamu ndiyo inayobeba taarifa ya maumivu kutoka mguuni kwenda kwenye ubongo. Ikifa, taarifa haiendi. Kwa hiyo mguu uliokuwa ukiwaka moto usiku ukitulia wenyewe bila sababu, usishangilie kuwa umepona, nenda ukapimwe. Hata mshtuko wa moyo unaweza kumpata mwenye sukari asisikie kifua kubana kama wengine. Anachoka ghafla, anatoka jasho, anakosa pumzi, basi. Macho yanaharibika kwa ndani wakati bado unasoma ujumbe wa simu vizuri. Figo haziumi kabisa, na mkojo kutoa povu au miguu kuvimba huja zikiwa zimeshachoka.

Kaka yangu alikuwa mvuvi, mwalo wake Igombe. Mwaka 2017 alikanyaga mwiba wa sato ndani ya mtumbwi, akavua nao, akalala nao. Siku ya tatu mkewe ndiye aliyeona damu kwenye shuka. "Baba, huu mguu huuoni?" Akajibu, "Nauona, mama, lakini hauumi." Na kwa kuwa haukuuma, akawa anakipaka kidonda unga aliopewa na mganga, wiki tano nzima. Alipofika hospitali mfupa ulikuwa umeshaoza, wakakata chini ya goti. Ndugu yangu huyu aliogopa kukatwa mguu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hofu alikuwa nayo tele. Asichokijua ni kwamba jambo lile huanza kimya, kwa mwiba mdogo.

Pima vidole sita

Jaribio hili wahudumu wa afya wanalitumia na halihitaji kifaa chochote. Vua viatu na soksi, nyoosha miguu, funga macho. Mtu wako aguse ncha ya kidole chako cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi sana, sekunde moja au mbili tu. Asibonyeze, asisugue, asitekenye. Aanze na kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Ahamie gumba la kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto. Amalizie na kidole cha kati cha kulia, halafu cha kati cha kushoto. Kila unapohisi kuguswa, sema "kulia" au "kushoto". Kidole ambacho hukukihisi asikirudie.

Vikikosekana viwili au zaidi kati ya hivyo sita, chukulia kwamba miguu yako imepungukiwa hisia, uende kliniki waipime vizuri. Binti yangu aliponifanyia mara ya kwanza nilimwambia, "Anza basi, mwanangu." Alikuwa ameshagusa vinne.

Tangu siku hiyo macho yangu yanafanya kazi ambayo nyayo zimeshindwa. Kila jioni nakalia kigoda, naweka kipande cha kioo chini, nakagua nyayo na katikati ya vidole. Sitembei peku hata uani, maana mawe yetu ya Mwanza saa nane mchana yanaunguza, na mchanga wa kuanikia dagaa vivyo hivyo. Kandambili nimeziacha bafuni. Mwiba wa samaki unazipenya, na ule mkanda wake unachubua katikati ya vidole. Navaa viatu vilivyofunika vidole, na kabla ya kuvivaa navikung'uta. Maji ya moto ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Sugu sizikati kwa wembe. Nikiona jeraha, wekundu, joto, uvimbe au usaha, naenda kliniki siku hiyohiyo, hata kama hapaumi. Haya maneno ya mwisho yaandike kwenye daftari lako kwa herufi kubwa.

Usimpikie daktari namba

Nilikuwa na mtindo huu, na najua wengi tunao. Siku tatu kabla ya kliniki naacha ugali, nala mboga za majani na dagaa tu, nameza vidonge vyote bila kuruka. Asubuhi napimwa, 6.2. Nesi anasifu. Natoka pale moja kwa moja hadi kwenye chapati na soda baridi. Siku moja daktari akaniandikia HbA1c, kile wengine tunakiita kipimo cha miezi mitatu. Majibu yakaja 9.8%.

Kinavyofanya kazi ni hivi: sukari iliyomo kwenye damu inanata kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo zinaishi kama miezi mitatu. Kwa hiyo zimebeba kumbukumbu ya chapati zote. Wengi tunaambiwa tulenge chini ya 7%, ingawa mzee sana, au mtu ambaye sukari yake inaporomoka mara kwa mara, daktari humwekea lengo la juu kidogo. Uliza la kwako ni lipi. Kama fedha ya kipimo hicho haijapatikana na una mashine nyumbani, jipime siku ambazo usingependa kujipima: kesho yake baada ya harusi, au saa mbili baada ya kula ugali wa muhogo au viazi vitamu. Watu wengi huambiwa isizidi 10 kwa muda huo. Nasema ugali na viazi makusudi, kwa sababu nimekutana na wengi walioacha sukari ya chai wakaona wamemaliza kazi, huku sahani imejaa wanga peke yake na mboga iko pembeni kama mapambo.

Sasa hiyo "sukari ya kushuka". Hakuna ugonjwa wa kisukari wa kushuka na mwingine wa kupanda. Mwenye kisukari akishukiwa, mara nyingi ni dawa imekutana na tumbo tupu, hasa insulini au vidonge kama glibenklamidi. Mimi nilikuwa nameza kidonge alfajiri, nakimbilia Mwaloni kupokea mzigo, nala saa tano. Lazima ningetetemeka. Ukitoka jasho jembamba, moyo ukienda mbio, njaa kali, mikono ikitetemeka au maneno yakikupotea, jipime. Ikiwa chini ya 4, au mashine haipo karibu, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado, kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Halafu mweleze daktari kilichotokea ili apange upya dawa na saa za kula. Ukiificha kwa kuiita aina yako ya sukari, hatajua.

Kwa wenye watoto au vijana wa kisukari kinachotegemea insulini: mtoto akitapika, akihema haraka na kwa kina, pumzi ikinukia kama matunda, akili ikichanganyikiwa, msikae nyumbani mkidhani ni malaria au amerogwa. Ni dharura ya saa hiyohiyo. Na insulini haiachwi kwa sababu tu hajala. Ulizeni kliniki mapema dozi ya insulini ya siku za ugonjwa.

Kuhusu sindano niliyoiweka juu ya orodha: watu husema ukianza insulini umekwisha, kwa sababu wameona ndugu zao wakianzishwa wakiwa hoi. Januari 1922 huko Toronto, Kanada, mvulana mmoja, Leonard Thompson, alikuwa anakufa kwa kisukari. Akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla yake, mtoto wa namna hiyo alikuwa anasubiriwa kufa tu. Nikipewa sindano kesho nitaipokea kwa mikono miwili.

Jinsi ya kuzungumza kliniki, na nyumbani

Nenda na maswali matatu: namba yangu ni ngapi, inatakiwa iwe ngapi, nifanye nini kati ya leo na siku ya kurudi. Nesi akishaeleza, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo, sista, nimeelewa kwamba nile kwanza ndipo nimeze." Utashangaa mara ngapi atakurekebisha.

Hili la pili linaniuma bado. Kuna kliniki niliyopita zamani ambako nilionyeshwa picha ya mguu uliooza nikaambiwa, "Utaishia hivi." Sikuambiwa kingine. Sikurudi kwa miezi minane. Kumtisha mtu bila kumwonyesha pa kuanzia ni kumfukuza, na anapofukuzwa hospitali mganga yuko mlango wa pili. Ndugu wa mgonjwa, msimwambie "utakufa na hiyo soda yako". Muulizeni, "Mayu (yaani mama), macho ulipima lini?" Mkagueni vidole. Hiyo inamsaidia.

Ukurasa wa tarehe

Ukurasa unaofuata wa daftari andika: macho, figo, miguu, presha, HbA1c. Mbele ya kila moja weka lini ulipima, ilikuwaje, lini tena. Macho, figo na miguu hupimwa na wataalamu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hakuna kinachokusumbua. Mwenye kisukari cha ukubwani huanza macho mwaka uleule anapogundulika. Figo ni mkojo kuangalia protini na damu kuangalia kreatinini, taka ambayo figo zinatakiwa kuichuja. Hapo kwenye figo andika pia dawa za maumivu unazojinunulia. Sisi wa sokoni mgongo ukikaza tunakimbilia diklofenaki kama karanga, na hizo ndizo zinazoumiza figo, huku tukiisingizia metformini, dawa yetu ya sukari, ambayo haiziharibu. Presha kila unapokwenda kliniki. HbA1c mara mbili kwa mwaka, au kila miezi mitatu kama bado haijatulia. Meno nayo yakaguliwe. Ukikohoa wiki mbili, pima TB, maana sukari inaifungulia mlango.

Sasa rudi kwenye ule ukurasa wa kwanza. Kila palipoandikwa "nitasikia maumivu", kata, andika jina la kipimo na tarehe yake.

Wangu wa mwaka huu una mstari mmoja mtupu, wa macho. Nimeshapanga: Jumanne naenda hospitali ya Bugando. Binti yangu atanisindikiza, kwa sababu wakishakutia yale matone ya kupanua mboni huoni vizuri kwa saa kadhaa, na ukitoka pale, mwanga wa jua kwenye ziwa haustahimiliki. Kofia pana nimeshaiweka kwenye mkoba.